Msiniambie "ajali haina kinga"

SEHEMU YA 1

Mama zangu, wadogo zangu, na nyie baba watoto mnaosoma kwa kuchungulia simu za wake zenu! Leo siongelei homa wala uji wa lishe. Post ni ndefu, nimeikata vipande. Soma huku unanyonyesha, utafika mwisho.

Kuna ujumbe umezunguka kwenye magrupu wiki hii, eti tsunami inapiga pwani yetu Ijumaa usiku, tuma kwa watu kumi. Ulikuwa uongo. Ijumaa imepita, tupo. Hakuna mtu duniani anayeweza kukutajia siku na saa tetemeko litakapotokea, hata Wajapani na vyombo vyao vyote hawawezi. Ila kilichonikera si ule uongo. Kilichonikera ni majibu ya watu wazima. Mmoja kaandika: huku kwetu hazipo hizo. Mwingine: ikija imekuja, ajali haina kinga. Wa tatu, mwanaume, na nyumbani ana mabinti watatu, kaandika kwamba tsunami ni adhabu kwa sababu ya wanawake wanaokaa uchi ufukweni.

Nilitaka kumjibu palepale, lakini nilikuwa zamu ya usiku na kuna mama anasukuma. Sasa niko nyumbani, nimeoga, nimekunywa chai. Tuanze.

Hiyo "ajali haina kinga" naijua kuliko aliyeiandika. Nafanya kazi wodi ya wazazi. Analetwa mama, damu imeshamwagika njia nzima, ukiuliza mbona mmechelewa hivi unaambiwa tulikuwa tunamsubiri mume wake apatikane kwenye simu atoe ruhusa. Akifa, msibani wanasema kazi ya Mungu haina makosa. Kweli haina. Ya kwetu ndiyo inayo. Na nikisoma habari za tsunami, toka za zamani hadi za juzi, naona kitu kilekile ninachokiona wodini: kuna watu waliuawa na maji, na kuna watu waliuawa na kutokuambiwa. Hao wa pili wengi wao ni mama na watoto.

SEHEMU YA 2

Kwanza tuelewane tsunami ni nini. Chukua beseni la kufulia, lijaze maji. Pulizia juu, maji yanacheza juujuu tu. Hayo ni mawimbi ya kila siku, ya upepo. Sasa lipige beseni kwa chini na goti. Maji yote yanaruka, kuanzia chini kabisa. Hiyo ndiyo tsunami. Sakafu ya bahari imesukumwa, mara nyingi na tetemeko, na bahari yote iliyo juu yake inaondoka. Kwenye kina kirefu inakimbia kwa mwendo wa ndege, na mvuvi aliye kwenye mashua anaweza asiihisi. Ikifika maji mafupi inapunguza mwendo, inajikusanya, inainuka. Na haiji mara moja. Yanakuja mawimbi kadhaa, yamepishana dakika nyingi, pengine hata saa nzima, na la kwanza mara nyingi siyo kubwa kuliko yote. Shika hilo la mwisho, tutalirudia.

Jumapili tarehe 26 Desemba 2004, siku ya pili ya Krismasi. Pale Sumatra, Indonesia, ni karibu saa mbili asubuhi. Huku kwetu karibu saa kumi alfajiri, tumelala. Sakafu ya bahari ikapasuka urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, tetemeko la ukubwa wa 9.1. Waliokufa ni zaidi ya watu 225,000 katika nchi 14.

Sasa angalia saa, mama, maana hapa ndipo penye ugomvi wangu.

Aceh, Indonesia, wimbi lilifika ndani ya nusu saa. Hapo nakubali, muda ni mdogo sana. Sri Lanka lilichukua kama masaa mawili. Masaa mawili! Kule kuna kijiji kinaitwa Peraliya, treni iliyojaa watu ilisimama baada ya wimbi la kwanza. Wanakijiji wakaona treni ni chuma, ni zito, wakapanda na watoto wao wajifiche humo. Wimbi lililofuata likaligeuza treni zima. Walikufa watu zaidi ya 1,000 kwenye treni moja. Hakuna aliyewaambia kwamba la pili huwa linazidi la kwanza.

Somalia lilichukua kama masaa saba. Yaani unaweza kupanda basi Tanga, ukafika Dar, ukala, ukapumzika, na wimbi bado liko njiani. Wamekufa Wasomali karibu 300. Tanzania tulipoteza watu kama kumi. Mombasa habari ziliwahi kufika, polisi wakawatoa watu ufukweni, na Kenya nzima akafa mtu mmoja. Haya, niambie tena ajali haina kinga.

Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha kutoa tahadhari toka mwaka 1949, baada ya wimbi la 1946 kuua watu Hawaii, wakiwemo walimu na watoto wa shule. Bahari yetu ya Hindi, mwaka 2004, haikuwa na kitu. Wataalamu wa Hawaii waliliona tetemeko dakika chache tu baada ya kutokea. Huku kwetu hapakuwa na utaratibu wa nani apigiwe simu. Ilibidi wafe watu wote wale ndipo mfumo wa Bahari ya Hindi ukajengwa.

Mimi nilikuwa na miaka 12, darasa la sita. Watu walijaa ufukweni, sikukuu. Mchana ule bahari ikatoka kama imevutwa, ikarudi, ikatoka tena, na haikuwa saa ya maji kupwa. Kaka zangu wakakimbilia kwenye matope kuokota samaki na pweza, wanacheka. Mama yangu alisimama anashangaa kama sisi. Mama yangu ni mtoto wa mvuvi, anaijua bahari. Hakuita "rudini". Hakuna aliyejua kama ni la kukimbia. Tulipona kwa sababu wimbi lilikuwa limesafiri maelfu ya kilomita na sisi hatukuwa kwenye njia yake kuu. Si kwa akili zetu.

SEHEMU YA 3

Namjibu sasa yule wa adhabu.

UNICEF ilikadiria kwamba angalau theluthi moja ya waliokufa 2004 ni watoto. Nimepokea watoto wengi wakati wa kuzaliwa, mkononi, wakiwa bado na utando mweupe mwilini. Nitajie dhambi ya mmoja. Na Aceh ni mahali ambapo wenyewe Waindonesia wanapaita varanda ya Makka kwa jinsi watu wake walivyo wacha Mungu. Upande wa Wakristo, Lisbon, Ureno, tetemeko na wimbi vilikuja tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani. Waliotoka wakakimbilia kando ya mto kukwepa majengo, maji yakawafuata hukohuko. Kwa hiyo kaka yangu, hiyo hesabu yako ya nani anaadhibiwa haijumlishiki.

Ila hilo la wanawake ana ukweli mmoja asioujua. Wanawake kweli walikufa zaidi. Shirika la Oxfam lilihesabu manusura kwenye vijiji vinne vya Aceh Besar: watu 676, wanawake 189 tu. Wilaya ya Cuddalore, kusini mwa India, walikufa wanawake 391 na wanaume 146. Soma tena hizo namba taratibu.

Kwa nini? Wanaume wengi walikuwa baharini wanavua, kule kwenye kina ambako wimbi linapita chini ya chombo bila kishindo. Wengine walikuwa mjini kwenye shughuli zao. Wanawake walikuwa nyumbani na watoto, Jumapili asubuhi, au wamekaa ufukweni wakisubiri samaki washushwe wakauze. Wimbi lilipokuja, baba alikimbia na miili yake miwili, mikono na miguu. Mama alikimbia na mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na mwingine anamtafuta kwa kuita. Amevaa nguo ndefu inayoshika maji. Hajui kuogelea, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Hajui kupanda mti, kwa sababu alipokuwa mdogo alichapwa kwa kupanda mti.

Hapo na sisi tujitazame. Mimi nimezaliwa mita mia nne kutoka baharini na sikujua kuogelea mpaka nina miaka 27. Kaka zangu walikuwa wanapiga mbizi na miaka sita. Mimi nikikanyaga maji naambiwa mtoto wa kike anaogelea ni uhuni. Mnajua ni wasichana wangapi wa pwani hii wako hivyo? Waulize wenzako kumi kwenye kibaraza.

Na hata waliotoka majini hawakuwa wamemaliza. Hili ni la kazi yangu, nilisome kidogo. Maji ya tsunami si maji, ni mbao, mabati, misumari, vioo na matope yanayokimbia. Watu walikuwa na majeraha machafu mwili mzima, na wengine walivuta tope mapafuni wakaugua kifua vibaya. Aceh walipatikana wagonjwa 106 wa pepopunda ndani ya muda mfupi, na 20 walikufa. Pepopunda! Ugonjwa wenye chanjo. Ndiyo ile sindano mnayoikimbia kliniki mkisema mkono unauma. Kumbe kuna siku mama aliyechanjwa na asiyechanjwa wanatoka kwenye maji yaleyale na wiki mbili baadaye hawako pamoja.

SEHEMU YA 4

Sasa njooni niwape habari ya kisiwa kimoja. Kinaitwa Simeulue, kiko karibu kabisa na pale ardhi ilipopasuka 2004. Kilikuwa na watu karibu 78,000. Kuna vijiji pale wimbi lilifika chini ya dakika kumi. Hakuna king'ora, hakuna redio iliyowahi, nyumba nyingi zilizolewa. Walikufa watu saba.

Saba, mama. Si elfu saba.

Mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na tsunami, kikafuta vijiji. Waliobaki wakaipa jina, smong, na wakaamua isisahaulike. Hawakuweka kwenye faili la ofisi. Wakaiweka kwenye hadithi za jioni na nyimbo za kubembelezea watoto. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, bahari ikirudi nyuma, usiangalie, panda kilimani. Bibi akamwambia mama, mama akamwambia mtoto, karibu miaka 100. Asubuhi ya 2004 mtu mmoja akapiga kelele "smong!" na kijiji kizima kikajua kazi yake. Kwa hiyo kifaa bora cha tahadhari katika bahari nzima ya Hindi siku ile kilikuwa mdomo wa mama anayebembeleza mtoto. Msiniambie nyie ni mama wa nyumbani tu.

Na siku hiyohiyo, Phuket, Thailand, mtoto wa kike wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliona maji ya ufukweni yanatoa povu na hayatulii. Alikuwa amefundishwa tsunami darasani wiki mbili tu nyuma. Akamng'ang'ania mama yake mpaka wakasikilizwa, ufukwe ukahamishwa, watu kama mia wakapona. Nafikiria angekuwa mtoto wa kwetu. Angeambiwa nyamaza, wakubwa wanaongea.

Japani nao wana funzo la pande mbili, la furaha na la kuumiza. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko kubwa, na wimbi likachukua watu zaidi ya 18,000 waliokufa na waliopotea. Mji wa Kamaishi ulikuwa na wanafunzi karibu 3,000 wa shule za msingi na za kati. Kwa miaka kadhaa mhadhiri mmoja, Katada Toshitaka, alikuwa akiwafundisha kwamba wasiiamini ramani inayosema hapa pako salama, na wawe wa kwanza kukimbia bila kungoja mtu. Siku ile wakubwa waliwashika wadogo mkono, wakakimbia mpaka sehemu iliyopangwa, wakaona haitoshi, wakapanda juu zaidi. Waliokufa ni watano, na hao hawakuwa mikononi mwa shule saa ile.

Upande wa pili ni shule ya msingi ya Okawa, Ishinomaki. Nyuma ya shule kuna kilima. Watoto walisimamishwa uwanjani karibu dakika 50 walimu wakijadiliana waende wapi. Kuna watoto walisema twendeni mlimani. Wakaambiwa watulie. Walikufa watoto 74 kati ya 108, na walimu kumi. Wazazi waliambiwa na wengi wakubali, ni janga la asili. Hawakukubali. Wakaenda mahakamani, miaka ikapita, na mwaka 2019 mahakama kuu kuliko zote Japani ikaacha hukumu isimame upande wao: shule na mamlaka zilipaswa kuwa zimejiandaa. Wazazi wale ndio mashujaa wangu kwenye habari hii yote. Walikataa kufunga jeneza kwa methali.

Wajapani wa pwani ile wana neno, tendenko. Maana yake kila mtu akimbie kivyake. Nilipolisoma mara ya kwanza lilinichoma. Mimi nina wawili, nitamwachaje mmoja? Halafu nikaelewa limetoka wapi. Mwaka 1896 wimbi liliua watu karibu 22,000 pwani ileile, na katika mawimbi yale ya zamani familia nzima ziliisha kwa sababu kila mmoja alirudi kumtafuta mwenzake. Baba anarudi kwa mama, mama anarudi kwa mtoto, mtoto kumbe alishapanda kilima na sasa anashuka kumtafuta mama. Neno lile ni makubaliano ya kabla. Mama anajua mtoto ameshakimbia, mtoto anajua mama ameshakimbia, basi hakuna anayerudi. Mchanga wa kubebwa unambeba, huyo haongelewi. Ila huyu wa miaka saba, tisa, kumi na moja, amekubaliana na wewe mkutane wapi? Wangu hawakuwa wanajua mpaka mwezi uliopita.

SEHEMU YA 5

Imebaki "huku kwetu hazipo".

Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichimba Pangani, si mbali na ninapoandika hapa. Wakakuta tabaka la mchanga lililoletwa na bahari, na ndani yake mifupa ya watu, wakubwa na watoto. Walitoa taarifa yao mwaka 2020. Wanasema ni tsunami ya kama miaka 1,000 iliyopita iliyokumba kijiji cha Waswahili wa mwanzo. Kwa hiyo zipo. Waliokumbwa walikuwa watu wetu, wakila samaki wetu, na hakuna hata ngano moja iliyotufikia kutoka kwao. Simeulue walikumbuka miaka karibu mia, sisi tumesahau elfu.

Na bahari hii ina chimbuko jingine, kaskazini, Makran, pwani ya Pakistani na Irani. Tetemeko la pale mwaka 1945 lilileta tsunami iliyoua. Ndugu zetu mlioko Muscat, hilo ni jirani yenu.

Sasa kwa mama wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Mtwara, Lamu. Tetemeko la Sumatra hutalisikia hapa, ni mbali mno. Usisubiri nyumba itikisike. Ikitikisika kwa nguvu na uko pwani, hapo usiulize, nenda juu. Vinginevyo dalili yako ni bahari yenyewe: imekupwa ghafla si saa yake, imejaa ghafla, inanguruma, inatoka na kuingia ndani ya dakika chache. Au taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, redioni, siyo ya "tuma kwa watu kumi". Samaki walioachwa kwenye matope waache. Simu ya kurekodi iweke mfukoni. Mwaka 1960 tetemeko la Chile lilipeleka wimbi Hilo, Hawaii. Ving'ora vililia masaa kabla, lakini wengi walibaki majumbani na wengine wakashuka kwenda kulitazama. Wakafa watu 61, wameambiwa kabisa. Na ukishapanda juu usishuke kwa sababu la kwanza limepita. Kumbuka treni. Kaa masaa, mpaka utangaziwe.

Na hayo yote hayahitaji ruhusa ya mtu. Baba watoto, hili nakuomba kwa heshima: mwambie mkeo leo, kwa mdomo wako, kwamba siku bahari ikibadilika asikupigie simu kuuliza, abebe watoto aende. Mwambie hivyohivyo na kuhusu damu ya mimba. Nimeona simu zisizopokelewa zimefanya nini.

Mimi na wanangu tumepanga. Wakiwa shule wapande na mwalimu, wakiwa mtaani waelekee barabara ya juu mpaka kwenye mwembe wa msikiti, wasinisubiri. Yule mdogo kauliza, na paka je? Nikamwambia paka anajua kukimbia kuliko sisi. Jumamosi namwanzisha binti yangu kuogelea, na shangazi yake keshanuna.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mtoto wa miezi sita na chakula cha kuanzia. Na kama kadi yako ya kliniki inaonyesha umeruka sindano ya pepopunda, njoo asubuhi, foleni ni fupi kabla ya saa mbili.